Punje Themanini na Nne

Jumapili, 28 Septemba 1997

Nimefika nyumbani jana. Tawa yote ni vumbi, mbuzi wamekonda, na kila niliyekutana naye sokoni ameniuliza nimemletea nini kutoka Amerika. Nimewajibu kwamba nimejileta mwenyewe, wakaona naringa.

Naandika katika daftari lililobaki nilipostaafu kwa sababu sina wa kumwambia haya zaidi ya mke wangu, na mtu aliyekuwa mwalimu mkuu miaka kumi na tisa hawezi kunyamaza kabisa. Nina saratani ya tezi dume. Binti yangu Mutindi, ambaye ni muuguzi kule, alinitafutia hospitali, na tarehe tisa mwezi huu daktari akanichoma sindano ndefu na kuniachia ndani punje themanini na nne za madini, kila moja ndogo kuliko punje ya mchele. Zinatoa mionzi polepole na kuua ugonjwa. Kazi yangu ni moja tu, kuhakikisha zinakaa zilipowekwa. Nisibebe kitu kizito. Nisilime. Nisipande baiskeli. Mpaka mwisho wa Oktoba nikikojoa nichuje kwa chujio, na punje ikitoka niiokote kwa kibano, si kwa vidole, niitie katika kichupa kizito cha risasi walichonipa. Na kwa miezi miwili, yaani mpaka tarehe tisa Novemba, nisipakate mtoto wala kukaa karibu na mwanamke mwenye mimba. Hatua chache tu zinatosha, alisema daktari.

Mwenye mimba ninaye hapa hapa. Mbinya, mke wa mwanangu Mutunga, amebakiza wiki tano. Mutunga anauza petroli Mtito Andei na huja mara moja moja, kwa hiyo tuko watatu nyumbani. Akizaliwa mvulana ataitwa Mulei, jina langu, kama kwetu mvulana wa kwanza wa mwanao anavyopaswa kuitwa. Nina miaka sitini na mbili. Punje zikishindwa kazi, angalau Mulei mwingine atakuwa amebaki kwenye boma hili. Sitaki kitu kingine mwaka huu.

Nimemwambia Kalondu peke yake. Tumeoana miaka thelathini na minane. Yeye pekee ndiye huniita Mulei. Wengine wote huniita Mwalimu. Akaniuliza swali moja tu: "Inauma, Mulei?"

Jumanne, 30 Septemba

Jua. Nimekunywa uji, nimekaa. Mbinya alipoleta kigoda karibu nikahamisha changu. Aliona.

Ijumaa, 3 Oktoba

Kikundi cha mwethya kimekuja kulima kwetu kabla ya mvua, wanawake kumi na mmoja na wanaume wanne. Kila nyumba hulimiwa kwa zamu na kila nyumba hutoa mtu. Mimi sikushika jembe. Nilikaa barazani na redio kama chifu wa mkoloni. Syombua, jirani yetu ambaye ndiye kiongozi wa kikundi, akanipigia kelele kutoka shambani: "Mwalimu, Amerika wamekutoa mikono?" Nikasema nilipasuliwa henia. Wakacheka. Uongo wa henia ni mzuri kwa sababu kila mtu ana mjomba aliyepasuliwa henia.

Jumapili, 5 Oktoba

Kanisani. Viti vigumu. Baiskeli imeegeshwa ukutani na tairi zake zimeanza kulala.

Jumatano, 8 Oktoba

Mawingu upande wa Mbooni, kisha hakuna kitu. Wagombea kura wamepita na vipaza sauti. Mbinya amemwambia Kalondu kwamba namchukia, kwamba siwezi hata kupokea sahani mkononi mwake. Nilimwomba Kalondu amweleze kidogo. Akasema, "Nikimweleza kidogo ataniuliza kingi. Ngoja azae." Nikaona ana busara.

Jumapili, 12 Oktoba

Nitaandika kama yalivyotokea.

Ibada ilikuwa ya kawaida mpaka wakati wa maombi ya wagonjwa. Pasta Ndululu alitaja mama mwenye presha, akataja mtoto aliyeungua na uji. Kisha akafunga macho na kuinua mikono. Nanukuu, maana nimeyakariri bila kutaka:

"Baba, tuko na mzee mmoja hapa. Ametoka ng'ambo juzi. Wazungu wamemwekea madini ya sumu, ile kitu wanatengenezea bomu, wamemwekea sehemu ya siri ya mwanaume. Tunaomba hiyo sumu ikae mahali iko, Bwana. Isitoke. Isiingie kwa watoto wetu."

Wakaitikia amina. Nilifungua macho nikakuta nusu ya kanisa imefungua yake, na yote yananitazama mimi. Katika kata nzima ametoka ng'ambo juzi mtu mmoja tu.

Benchi letu huketi watu sita. Kufikia wimbo wa mwisho tulibaki mimi na Kalondu. Mama aliyekuwa mkono wangu wa kushoto alimbeba mtoto wake akatoka nje kana kwamba amehara, na hakurudi. Kule nje hakuna aliyenipa mkono. Mzee mmoja niliyemfundisha kuandika jina lake alinipungia kwa mbali, kama mtu anayeaga basi.

Tulirudi nyumbani. Mutunga alikuwa amefika asubuhi kutoka Mtito Andei, kwa hiyo tulikuwa wote wanne chakula kilipopakuliwa, Mbinya amekaa mlangoni. Nikauliza: "Nani alimwambia pasta?"

Kalondu akasema hajui.

"Nilimwambia mtu mmoja chini ya jua hili. Mmoja. Sasa mimi ni hesabu gani nitafanya?"

"Mulei, sikusema. Hata kwa dada yangu sikusema."

Nikasimama. Sauti iliyotoka ilikuwa ile niliyokuwa nikiitumia paredi: "Usiniite hivyo. Jina langu lisitoke tena kinywani mwako. Umesikia? Mdomo huo haufai kulibeba."

Mutunga alisema, "Baba, pole pole." Mbinya alikuwa ameweka mikono yote miwili juu ya tumbo na kujisogeza nje ya mlango. Ndipo nilipojua kwamba habari imemfikia na yeye, na kwamba sasa ananiogopa.

Kalondu alikusanya vyombo. Hakulia. Miaka thelathini na minane, na amenitoa mbele za watu kama nguo ya ndani iliyoanikwa kwenye ua. Nimesalitiwa. Naliandika neno hilo mara moja nisije nikalizunguka.

Jumatatu, 13 Oktoba

Mutunga amerudi kazini. Sisemi na Kalondu.

Jumanne, 14 Oktoba

Nikihitaji kitu namwandikia karatasi. "Maji ya kuoga." "Chai bila sukari." Anasoma, analeta, anaikunja karatasi na kuiweka katika kopo la chumvi lililoisha. Sijui anazihifadhi za nini.

Jumatano, 15 Oktoba

Leo ilikuwa zamu yetu ya kupandiwa. Kalondu alipika githeri, mahindi na maharagwe, sufuria kubwa. Saa tatu, hakuna mtu. Saa nne. Saa tano Syombua akaja mpaka kwenye ua wa minyaa akasimama upande wake.

"Mwalimu, usione ni ubaya. Sisi karibu wote tuko na watoto mgongoni. Hiyo kitu yako inaruka namna gani, hatujui."

Nikamweleza kwamba hairuki, kwamba ukikaa hatua chache hakuna kitu, kwamba daktari mwenyewe alinishika mkono. Akatikisa kichwa kwa heshima zote, kama mtoto anayekubali jibu la mwalimu huku akijua ni makosa. Kisha akaondoka. Tulikula ile githeri siku nzima, kila mtu pembe yake.

Kalondu amepanda peke yake mahindi na kunde mpaka giza lilipoingia. Nilimtazama kutoka barazani. Nilijiambia kwamba amevuna alichopanda na ulimi wake.

Ijumaa, 17 Oktoba

Mvua imeanza.

Jumamosi, 18 Oktoba

Mvua.

Jumapili, 19 Oktoba

Mvua. Sikwenda kanisani. Redio inasema ni mvua ya El Niño na itaendelea mpaka Januari. Gari la mgombea limekwama kwenye tope karibu na shule, na vipaza sauti vyake bado vinatuahidi barabara.

Jumatatu, 20 Oktoba

Tuta la juu limepasuka. Maji yalikuwa yanashuka na udongo wote na mbegu zote za Kalondu. Mwaka mwingine ningepiga filimbi na watu ishirini wangekuja na sepetu. Leo ningempigia nani?

Nikachukua sepetu mwenyewe. Nikajaza magunia udongo, nikayakokota, nikayainua juu ya tuta, saba kwa hesabu. Kalondu alikuja mbio kwenye mvua, kanga imemgandia kichwani. "Wacha! Nitafanya. Wewe wacha!" Aliniita "wewe". Nikamwonyesha mgongo nikainua gunia la nane.

Nilijua ninachofanya. Nilitaka aone ametufikisha wapi. Ni upumbavu ambao ningemchapia mwanafunzi.

Jumatano, 22 Oktoba

Asubuhi mkojo ulikuwa na damu. Kwenye chujio paligonga kitu kidogo, tii. Punje moja.

Nilikuwa nyuma ya choo chini ya mabati. Nikaishika kwa kibano kama nilivyofundishwa. Kibano kikateleza na ikaruka. Ikaangukia kwenye tope, kitu cha ukubwa wa kipande cha sindano, na kuku wa Kalondu wakaja mbio wakidhani nimewamwagia mtama.

Nilipiga yowe. Nakiri hivyo. Nilimwona akilini kuku akila punje, Mbinya akimla kuku, na mtoto tumboni. Kalondu akatokea na ungo mkononi. Hakuuliza. Aliwafukuza kuku kwa mateke, akachota tope lote la pale kwa bamba la bati mpaka kwenye udongo mgumu, akaliweka katika beseni. Kisha akamwaga maji na kulichekecha kidogo kidogo kwa chekeche ya unga. Mvua inampiga. Mimi nimesimama na suruali iliyofungwa vibaya, namwelekeza kama vile nasimamia mtihani. Ilichukua karibu saa nzima.

Aliiona kabla yangu na akaichukua kwa vidole.

"Si kwa vidole!" nikasema. Ndilo neno la kwanza nililomwambia kwa mdomo tangu tarehe kumi na mbili.

"Kuku anakuja," akasema, na akaitia kwenye kichupa. Alinawa mikono kwenye maji ya mvua. "Zimebaki ngapi?"

"Themanini na tatu."

"Basi kaa chini."

Sikumshukuru. Nilikaa nikiwaza kwamba mtu anaweza kukuuza Jumapili na kukuokotea Jumatano, na la pili halifuti la kwanza.

Alhamisi, 23 Oktoba

Damu kidogo. Nimelala.

Jumamosi, 25 Oktoba

Damu imekwisha. Mvua haijaisha. Kalondu amemaliza lile tuta peke yake.

Alhamisi, 30 Oktoba

Naona vitu ambavyo sikutaka kuviona. Kwa mfano, kila jioni Kalondu hukagua kama kigoda changu na cha Mbinya viko mbali, na hupima kwa hatua zake. Kwa mfano, ameitoa baiskeli pumzi yote, tairi zote mbili, na pampu ameificha. Msaliti mwenye bidii hivi sijawahi kumwona. Hili limeniudhi kuliko kama angekuwa mvivu.

Jumatatu, 3 Novemba

Mvulana! Amezaliwa alfajiri katika zahanati ya Tawa, kilo tatu na robo. Nimelia, na kwa kuwa sina mtu wa kulia naye nimelilia redio. Mulei amekuja.

Jumanne, 4 Novemba

Wamerudi. Nimemwona mtoto kutoka ghalani, hatua sita. Amefunikwa, nimeona pua tu. Pua ni yangu.

Jumatano, 5 Novemba

Mtoto kwetu hupewa jina siku ya nne, wanawake wakikusanyika, na anayelitamka ni bibi yake mzaa baba. Baada ya hapo hupelekwa kwa mwenye jina ampakate na kumbariki. Kesho ndiyo siku ya nne. Siku zangu za kutopakata zinaisha Jumapili. Zimebaki tatu tu! Nikamwandikia Kalondu karatasi: "Ngojeni mpaka Jumapili nimpakate." Akaisoma, na kwa mara ya kwanza akanijibu kwa kalamu, nyuma yake: "Siku ya nne ni siku ya nne."

Sawa. Nitambariki kwa mbali, na Jumapili nitampakata. Cha muhimu ni jina.

Alhamisi, 6 Novemba

Walikuja wanawake tisa, wamejaa matope mpaka magotini, na mama yake Mbinya kutoka mji wa Wote. Mutunga alifika kwa miguu kutoka mahali lori lilipokwama. Mimi nilivaa koti la harusi za watu na kusimama kwenye ghala, hatua zangu sita, ili asiogope mtu.

Syombua alimwinua mtoto. "Bibi yake, tuambie. Huyu ni nani?"

Kalondu alimwangalia mtoto. Kisha akaniangalia mimi, muda mrefu, na hakuwa na hasira usoni, hilo ndilo siwezi kulisahau.

"Huyu ni Nzuki," akasema.

Nzuki ni baba yake Mbinya, mchuuzi wa ng'ombe kule Wote. Ni mtu mwema lakini ni wa ukoo mwingine.

Hakuna aliyepiga kigelegele. Mutunga akasema, "Mama, umekosea. Ni Mulei."

"Wewe umelitaja. Mimi nilikatazwa. Ulikuwepo ukila."

Mutunga alinigeukia, kisha akatazama chini. Syombua hakuelewa, lakini jina likishatamkwa na bibi limetamkwa, halirudishwi. Akapiga kigelegele chembamba, na wengine wakafuata kwa sababu mtoto alikuwa ameanza kulia na baridi ilikuwa kali.

Nilipiga kelele kutoka ghalani. Sitaandika nilichosema. Mutunga alinishika bega, akanipeleka ndani. "Baba, ulisema wewe mwenyewe. Hata mimi nilisikia. Mbinya alisikia."

"Ulisema nini kumzuia?"

"Wewe nani angekuzuia?"

Basi ndivyo ilivyo. Mke wangu aliiuza siri yangu, akalinyima jina langu mahali pa kukaa, na mwanangu amesimama kando akihesabu nani alisema nini. Kesho nakwenda kwa pasta. Nitamtaka aseme mbele ya wazee wa kanisa kwamba ni Kalondu aliyemwambia. Wakishajua alianza yeye, watamlazimisha akusanye wanawake upya na kumtaja mtoto Mulei.

Ijumaa, 7 Novemba

Nilitembea, kilomita nne za tope. Pasta Ndululu alikuwa anaziba paa. Alishuka ngazi akanikaribisha, na akavuta kiti chake nyuma kidogo, akidhani sioni.

Nikamwambia nilichokuja nacho. Akanisikiliza mpaka mwisho akiwa amekunja uso.

"Mwalimu, bibi yako hajawahi niambia kitu. Mimi niliandikiwa."

Akaingia ndani akatoka na Biblia, na ndani ya Biblia kulikuwa na barua ya ndege, na kabla hajaikunjua niliujua mwandiko, kwa sababu nimeufundisha mimi. Mutindi. Tarehe kumi na tano Septemba, nikiwa bado kitandani nyumbani kwake. Kurasa mbili. Kila kitu kimo, punje, chujio, kibano. Alimwandikia: "Baba ni mkaidi na ataona aibu kusema. Atataka kulima na kupanda baiskeli ili watu wasijue. Naomba watu wa kanisa wamlimie na wambebee mpaka Novemba. Tafadhali usiseme mbele ya watu."

"Aliandika usiseme," nikasema.

"Sikutaja jina."

"Ulisema mzee ametoka ng'ambo juzi!"

"Hilo ni jina?" Alikuwa anauliza kwa dhati. Kisha akasema, polepole zaidi, "Nilitaka wakuombee, Mwalimu. Sikujua wataogopa."

"Na wiki nne zote hizi nimemlaumu mke wangu, ukanyamaza?"

"Ningejuaje unamlaumu? Hukuniuliza. Leo ndio umeniuliza."

Nilirudi kwa mvua. Njiani niliwapanga kwenye foleni. Binti aliyenisaliti kwa kunipenda. Pasta aliyenisaliti kwa maombi. Kikundi kilichonisaliti kwa kuogopea watoto wake, kama hata mimi ninavyowaogopea. Nilikuwa na sababu ya kumkasirikia kila mmoja, na niliitumia hasira yote kwa yule ambaye hakuwa kwenye foleni.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimejaribu mara tatu kuanza kusema. Alikuwa anachagua maharagwe. Nikasema mvua imezidi. Akasema ndiyo.

Jumapili, 9 Novemba

Sikwenda kanisani. Kalondu pia hakwenda. Miezi miwili imetimia.

Saa nne hivi alikuja barazani na mtoto, Mbinya nyuma yake. Hakuniuliza kama niko tayari. Aliniwekea mtoto mapajani, akanipanga mkono chini ya shingo yake kama vile sijawahi kulea, akasema, "Siku zimeisha."

Ni mzito kwa kitu kidogo hivyo. Nilimtemea mate ya baraka kifuani kama ilivyo kwetu, na nikamwita Nzuki. Hilo ndilo jina lake. Mbinya akachuchumaa karibu yangu, karibu kabisa, akamfunika miguu. Kisha akaenda jikoni.

Nikasema, "Kalondu, pasta amenionyesha barua. Ni Mutindi aliandika. Wewe hukusema."

"Najua sikusema."

"Nimekukosea. Nimekosa mbele ya watoto, na nitakiri mbele ya watoto. Nakuomba uniite jina langu."

Alikuwa amelishika jembe tayari, maana magugu yameshinda kunde.

"Siku ile," akasema, "ningekuapia kwa Biblia, kwa watoto, kwa mama yangu aliye kaburini, kwamba si mimi. Ungesadiki?"

Nilimtazama mtoto. Nilirekebisha kitambaa chake ambacho hakikuhitaji kurekebishwa. Alingoja kwa haki kabisa, kisha akashuka shambani, na hakuniita kwa jina lolote.

Nimeandika kurasa hizi zote nikihesabu walionisaliti. Jibu ambalo sikumpa ni hili, na nitampelekea mwenyewe kabla hajamaliza mstari wa kwanza wa kunde, kwa mdomo, si kwa karatasi: hapana, Kalondu. Nisingekusadiki.